Prompti Yangu ya Julai na Mwalimu wa Malindi

Prompti yenyewe ilikuwa hivi: nipangie safari ya siku tano Diani, Shimoni na Mombasa mwezi wa Julai, watu wanne, pesa kidogo, tunataka kupiga mbizi kwa mtungi, kumwona papa shilingi, na jioni moja ya kula pweza ufuoni. Niliiandika saa tano usiku nikiwa kitandani Umoja, bando ikikaribia kuisha, na kabla sijageuza shingo jibu lilikuwa limejaa skrini. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Kila asubuhi saa mbili kamili tunaingia majini. Bahari kwenye ratiba ile ilikuwa kama ofisi, inafunguliwa saa mbili.

Nikaitupa kwa grupu ya WhatsApp. Wasee wakafurahi mbaya. Tulikuwa tumechanga elfu mbili mbili kila mwezi tangu Januari, na wiki hiyo hiyo tukatuma malipo ya awali ya nyumba huko Diani.

Niseme hapa kwamba mimi ndiye niliyepaswa kujua. Kazi yangu ni kuandika kwa malipo: maelezo ya mahoteli, ratiba za safari za watu ambao sitawahi kuonana nao. Na kabla ya hapo nilisoma historia miaka mitatu chuoni, mpaka karo ikanishinda. Insha yangu ya mwisho kabla sijaacha ilikuwa juu ya biashara ya Bahari ya Hindi. Nilipata alama nzuri. Nilikuwa nimeandika neno "kusi" labda mara ishirini.

Aliyetuamsha ni mjomba wa mmoja wetu, nahodha wa mashua pale Shimoni, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipeleka wazamiaji Kisite. Tulimpigia tu kuuliza bei ya mashua. Tukamweka kwa spika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba wanangu. Mwaja lini?"

"Julai."

Akanyamaza kidogo. "Julai, na kusi lile, mwaja kuzamia nini?"

Kama umekulia Nairobi kama mimi, huenda kusi kwako ni neno la kwenye kitabu cha sarufi. Pwani ni kalenda. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi huvuma kaskazi, upepo mkavu, bahari inatulia na maji yanakuwa maangavu. Kuanzia Aprili upepo hugeuka, unatoka kusini, mvua ya masika inamwaga mito baharini, na kati ya Mei na Agosti kusi ndilo lenye bahari. Mawimbi yanapanda, mchanga unatibuka, na ukishuka chini na mtungi wako wa kukodi unaweza kulipa maelfu kuangalia uji. Hata papa shilingi, yule mkubwa mwenye madoa meupe kama sarafu, huonekana zaidi wakati wa kaskazi. Julai ni msimu wa nyangumi, wanaopanda kutoka bahari baridi za kusini na kupita Watamu. Ratiba yangu haikuwataja.

Sasa, si kwamba haya ni maarifa ya siri. Kuna kitabu kidogo cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Erithrea, kilichoandikwa na mfanyabiashara tusiyemjua jina, na kwa kweli ndicho kitabu cha mwongozo wa safari cha kwanza kinachofika kwetu. Kinataja Rhapta, bandari ya mwisho ya pwani hii, na mashua zilizoshonwa kwa kamba. Kinasimulia wavuvi wa kisiwa kimoja wanaotega kwa vikapu kwenye midomo ya mikondo; mtu yeyote wa Lamu au Wasini atakuambia hayo ni madema. Na pale kinapoeleza safari, kinataja na mwezi wa kuondoka. Karne nyingi baadaye Ahmad ibn Majid, rubani aliyezaliwa Julfar katika Ghuba, aliandika mwongozo mzima wa ubaharia, na ndani yake kuna tarehe za kuondoka kila bandari. Kwa mabaharia wa zama zake, katikati ya kusi pwani ya magharibi ya India ilihesabiwa kuwa imefungwa. Hakukuwa na askari wala mnyororo. Imefungwa, basi, watu walikaa nchi kavu wakarekebisha vyombo.

Ndiyo maana nikikumbuka ile ratiba yangu narudi kwa Vasco da Gama. Si kwa sababu nampenda. Ni kwa sababu katika safari yake, ndani ya mwaka mmoja, unaona karibu kila njia ambayo mgeni anaweza kutumia kumuuliza mwenyeji habari za bahari.

Njia ya kwanza ilikuwa kiboko. Machi 1498 Wareno walipata marubani Msumbiji. Tarehe 1 Aprili wakaviona visiwa, rubani mmoja akawa amewaambia ni bara. Da Gama akaamuru achapwe, na kile kisiwa wakakiita Kisiwa cha Aliyechapwa. Shajara ya safari, iliyoandikwa na mmoja wa watu wake, inalitaja jambo hilo kwa sentensi chache kama mtu anayeandika hali ya hewa. Mimi hujiuliza yule rubani alitaka nini. Labda alikosea. Labda aliwapa jibu lolote ili wanyamaze, maana mtu aliyeshikwa hana ruhusa ya kusema "sijui". Walipofika Mombasa tarehe 7 Aprili na vyombo vikagongana wakati wa kuingia bandarini, marubani wa Msumbiji walijirusha majini wakaogelea zao.

Njia ya pili ilikuwa rehani. Malindi walipokelewa vizuri, kwa sababu sultani wa Malindi na wa Mombasa walikuwa hawapatani na mgeni mwenye mizinga alikuwa na faida yake. Lakini rubani alipochelewa kuletwa, da Gama alimshika mtu wa karibu wa sultani aliyekuja merini na kusema hamwachi mpaka apewe rubani. Akapewa.

Utasikia watu wakisema rubani huyo alikuwa Ibn Majid mwenyewe. Ni hadithi tamu, na wanahistoria wengi wa sasa hawaikubali. Vitabu vya Wareno wenyewe vinamtaja kama mtu wa Gujarati. Vinamwita Malemo Cana, au Canaqua. Hilo neno "malemo" ndilo lililonifanya niweke kitabu chini siku nilipolisoma mara ya kwanza, maktaba ya chuo, ghorofa ya pili. Ni mwalimu. Katika vyombo vya bahari hii mwalimu ndiye aliyeshika njia, aliyejua nyota na pepo. Kwa hiyo mtu aliyewafikisha Wareno India ameingia kwenye historia kwa cheo tu: Mwalimu Fulani.

Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi likianza tu, kabla halijakasirika. Siku 23 baharini bila kuona nchi, kisha milima ya India. Tarehe 20 Mei walitia nanga karibu na Calicut. Rahisi hivyo.

Sasa angalia kurudi. Walipogombana na mtawala wa Calicut waliondoka Agosti, wakajificha kwenye visiwa vya Anjediva, na tarehe 5 Oktoba wakang'oa nanga kuvuka kurudi Afrika.  Bahari ilikuwa ile ile, umbali ule ule. Lakini Oktoba kusi limekufa na kaskazi halijazaliwa. Kilichobaki ni shwari na vipepo vya mbele. Maji waliyovuka kwa siku 23 yaliwachukua karibu miezi mitatu. Fizi za watu zilivimba mpaka zikafunika meno, wasiweze kula. Shajara inasema watu 30 walikufa njiani, juu ya wengine 30 waliokwisha kufa kabla, na kila meli ikabaki na mabaharia saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Januari 1499, kaskazi lilipowafikia, ndipo walipoiona Mogadishu, kisha Malindi, ambako wagonjwa waliomba machungwa. Siku chache baadaye, kusini ya Mombasa, waliichoma moto meli yao moja, São Rafael, kwa sababu watu wa kuiendesha hawakutosha.

Nguzo ya da Gama ipo Malindi mpaka leo na watu hupiga selfi. Mwalimu hana hata ubao.

Basi baada ya simu ya mjomba nikaifungua tena AI, nikaandika: je, Julai si msimu wa kusi? Jibu likaja haraka kama la kwanza. Uko sahihi kabisa, samahani, Julai bahari huwa na mawimbi, ni vyema mfikirie Januari au Februari. Nilikasirika kuliko ningekasirika kama ingekataa. Kumbe ilijua! Ilikuwa imekaa na kusi lake mfukoni ikingoja niliulize. Mimi nilisema Julai kwa sababu likizo ya mmoja wetu ilikuwa Julai, na ikanipa Julai.

Na hapo nikaanza kuikagua ratiba kama mtahini mwenye kisirani. Siku ya tano ilitaka tuzamie kwenye mabaki ya Santo António de Tanná, mbele ya Fort Jesus, tuone vyombo vya kaure. Meli hiyo ni kweli. Ilitumwa kuwaokoa Wareno waliozingirwa na Waomani na ikazama pale mwaka 1697. Ila wanaakiolojia waliichimba chini ya maji kati ya 1977 na 1980, na vitu walivyovitoa vimewekwa kwenye makumbusho, ndani ya ngome. Unavitazama umesimama, umevaa viatu, kusi au kaskazi.

Lakini lililonitia baridi sikuliona mimi. Tulipompigia mjomba mara ya pili akatuambia tumsomee ratiba yote, siku kwa siku. Akasikiliza mpaka siku ya nne. Asubuhi saa mbili, kuzamia. Jioni, mmoja wetu aliyepaswa kuwahi kazini anapanda ndege Ukunda.

"Huyo ashuke chini asubuhi, jioni apae?" akauliza. "Ataka kufa?"

Hatukuelewa. Akatueleza kwa mfano wa soda. Ukiwa chini, hewa unayovuta inasukumwa na uzito wa maji, na nitrojeni inaingia mwilini. Inahitaji muda kutoka polepole. Ukipanda ndege kabla haijatoka, kule juu ambako mgandamizo ni mdogo, ni kama kufungua chupa iliyotikiswa. Nilienda kuhakikisha baadaye: wazamiaji hushauriwa wasubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 au zaidi wakipiga mbizi mara kadhaa. Nayo ratiba yetu ilikuwa na mbizi kila siku tangu ya kwanza.

Kwenye spika hakuna aliyesema kitu. Yule wa ndege alicheka, kile kicheko cha kutafuta mahali pa kuweka mikono.

"Na nyinyi wanne," mjomba akaendelea, "wangapi waogelea?"

Wawili.

Pesa ya nyumba ilienda. Mwenye nyumba alisema malipo ya awali hayarudi na kwa haki alikuwa ametuandikia hivyo mapema. Mmoja amejitoa, anasema atachanga tena tukiwa serious. Waliobaki tumesukuma mpaka Februari, na mjomba ametuambia tumpigie kwanza ahesabu mwezi, maana bamvua na maji mafu si kitu kimoja pale mkondoni. Mimi nimerudi kuandika ratiba za watu wengine kwa AI, sitadanganya, kodi hailipwi na Periplus. Ila kila Jumamosi saa nne niko kwenye bwawa la kuogelea huku Eastlands, nimeshika ukingo, na mtoto wa miaka tisa ananionyesha jinsi ya kupiga miguu.