Mtihani Uliokuja Kuipima Shule

Mzazi wa England anayehofia kuwa mtihani wa Kiingereza na hisabati wa darasa la sita utamfungia mwanawe mlango anaogopa kivuli cha mtihani mwingine. Baada ya sheria ya elimu ya 1944, ule wa umri wa miaka 11 ndio uliowachuja watoto kuingia sekondari za aina tofauti, na katika kaunti ya Kent ungalipo. Huu wa sasa ulitokana na sheria ya elimu ya 1988, ili shule ziwajibike. Kuna hoja kwamba sekondari nyingine huwapanga wanafunzi kwa matokeo hayo. Ni kweli, na si jambo dogo, lakini kupangwa darasani si kunyimwa shule. Tangu 2016 kiwango kinachotarajiwa ni alama 100 za mizani, si asilimia. Aliyepata 99 hakukifikia, ila nafasi yake ya sekondari ilikuwa imeshatolewa Machi. Mtihani hufanywa Mei.