Mashine za Kujiundia na Programu Huria za Kuziendesha

Mashine za kujiundia, kwa maana ikusudiwayo hapa, ni mashine za kuchonga, kukereza na kutoboa mbao, shaba, alumini au chuma ambazo mtu huziunda nyumbani kwa mikono yake, aghalabu kwa mapenzi ya sanaa yenyewe wala si kwa tamaa ya faida, kisha akaziweka chini ya amri ya kompyuta kwa kutumia programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila atakaye kuusoma, kuurekebisha na kumpa mwenziwe. Kazi ambayo fundi wa zamani aliifanya kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, jicho likiwa kwenye alama za kipimo, hufanywa na mota zinazotii maandishi: G1 huiamuru ncha ya kukatia ipite kwa mstari ulionyoka, G2 na G3 huiamuru ipite kwa tao, na M5 huusimamisha mzunguko wake.

Mashine zinazotii tarakimu asili yake ni Marekani, ambako John T. Parsons, mtengenezaji wa mapanga ya helikopta, alibuni njia ya kuchonga maumbo kwa hesabu, na mwaka 1952 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts kikaonyesha mashine ya kwanza ya namna hiyo. Kwa miaka takriban arubaini baada ya hapo kidhibiti cha mashine kilikuwa sanduku lililofungwa, ambalo mwenye mashine aliweza kulilipia lakini si kulifungua akajua lafanyaje hesabu zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya nchi hiyo, NIST, ilianza kutunga kidhibiti kilicho wazi, kikaitwa EMC. Na kwa kuwa sheria ya Marekani haiipi serikali kuu hakimiliki juu ya kazi zifanywazo na watumishi wake, tunda la jasho lile likawa milki ya umma. Wapenzi wa ufundi walikipokea, wakakiandika upya kwa sehemu kubwa juu ya mfumo wa Linux, wakakilinda kwa leseni huria ya GPL. Na baada ya wakili wa kampuni iitwayo EMC kuwaandama mwaka 2011 kwa sababu ya jina, wakakiita LinuxCNC. Kwa rai ya mwandishi wa makala haya, hidaya ile ya NIST ilifanya zaidi ya kitu kingine chochote kuipeleka mashine ya tarakimu kwenye karakana za nyuma ya nyumba, kwa maana mota na parafujo mtu huweza kuziokota kwenye vyombo vilivyochakaa, bali maarifa yaliyofungiwa sandukuni hayaokotwi popote.

Asiyeingia ndani ya shughuli hii hudhani kuwa ugumu wake u katika chuma, kumbe u katika wakati. Natuchukue mota ya hatua, ambayo mzunguko wake mmoja una hatua 200, na kiendeshi chake kikaigawa kila hatua mara 8, hivyo mzunguko mmoja ukataka mapigo ya umeme 1,600. Ikiwa mota hiyo huzungusha parafujo inayosogeza meza milimita 5 kwa kila mzunguko, basi kila milimita yataka mapigo 320, na meza ikiamriwa kwenda milimita 50 kwa sekunde, kompyuta haina budi kutoa mapigo 16,000 katika sekunde hiyo moja, baina ya pigo na pigo pakiwa na mikrosekunde 62 na nusu tu. Kompyuta ya kawaida, ambayo huacha kazi moja ili ichore dirisha, isome diski au itazame kipanya, haikuumbwa kwa uaminifu wa namna hiyo. Ikichelewa, mota hutikisika, na pengine huachwa nyuma. Na kwa kuwa mota ya hatua aghalabu haina njia ya kurudisha habari za mahali ilipo, programu huendelea kuamini kuwa meza imefika, hali chuma kimekwisha kukatwa pasipo pake.

Ndiyo sababu LinuxCNC hutumia kiini cha Linux kilichorekebishwa ili kazi ya mashine itangulie kazi nyingine zote, na ndiyo sababu hatua ya kwanza ya mtu mwenye busara, kabla hajanunua hata nati moja, ni kuipima kompyuta yake kwa ucheleweshaji. Huiwasha programu ya kupimia, akafungua madirisha, akayaburuta huku na huko, akanakili mafaili makubwa, akaitesa kwa dakika kadhaa huku akiitazama tarakimu ya juu kabisa. Ikiwa chini ya mikrosekunde 20, kompyuta hiyo yafaa kutoa mapigo yenyewe. Ikipita 100, haifai kwa kazi hiyo, ijapokuwa ni mpya na ya bei kubwa. Kompyuta za mapajani, zenye desturi ya kujipunguzia umeme bila kumwuliza mtu, aghalabu hushindwa mtihani huu, na kompyuta kuukuu ya mezani ikafaulu.

Njia nyingine ni kuiondolea kompyuta mzigo huo. Mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norway alianzisha Grbl, programu huria iliyoandikwa kwa ajili ya bodi ndogo ya Arduino, ambayo kwa kumbukumbu ya kilobaiti 32 ya kuhifadhia programu na kilobaiti 2 za kufanyia kazi hutoa hadi mapigo 30,000 kwa sekunde kwa mihimili mitatu. Ni kazi ya ustadi wa kustaajabisha, na mashine nyingi ndogo za kuchonga mbao huendeshwa nayo.

Chuma nacho kina haki yake. Parafujo ya kawaida huwa na nafasi baina yake na nati, na mwenye mashine huiona nafasi hiyo anapoegemeza saa ya kupimia kwenye meza, akaiamuru meza irudi nyuma milimita moja, akasikia mota inazunguka na ilhali mshale wa saa umetulia kwanza kabla ya kuanza kusogea. Programu huweza kuambiwa kiasi cha nafasi hiyo nayo ikaongeza mwendo kila meza inapogeuka, lakini dawa hiyo haiizuii ncha kuivuta meza wakati wa kukata. Nati iliyobana, au parafujo yenye gololi, ndiyo tiba ya kweli.

Msomaji atakayeiunda mashine yake na aanze kwa kufunga kalamu mahali pa ncha ya kukatia, aichoreshe duara kwenye karatasi, na asitie kisu mpaka duara hilo limefunga sawasawa. Na kitufe chake chekundu cha dharura na akiunge kwa waya kiukate umeme wa mota moja kwa moja, bila kuitegemea kompyuta, kwa kuwa saa ya hatari huenda ikawa ndiyo saa ambayo kompyuta imeacha kusikia.