Scrabble, Mchezo wa Hesabu
Scrabble husifiwa kuwa kipimo cha msamiati, lakini asili yake ni hesabu. Miaka ya 1930 Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyepoteza kazi wakati wa mdororo wa uchumi, alihesabu herufi kwenye kurasa za magazeti, ndipo akagawa vigae vya herufi vya mchezo huo: E vigae 12, Q kimoja chenye pointi 10. S aliipa vinne tu, kwa makusudi, maana kuunda wingi wa Kiingereza kwa S kungeurahisisha mno mchezo. Wapo watakaosema asiyejua maneno hashindi. Kweli, ila kuyajua kwa sura kunatosha: mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, lugha asiyoizungumza, baada ya kukariri orodha ya maneno yake.