Postikodi za Uingereza na utambulisho wa wakazi

Postikodi ya Uingereza ni mkusanyiko wa herufi na tarakimu unaoelekeza barua. Ilianza kujaribiwa Norwich mwaka 1959 na kuenea nchi nzima kufikia 1974. Wakazi wengi huiona kama utambulisho wa mtaa wao, na hayo si majivuno matupu, kwani kampuni za bima huizingatia zinapokadiria ada. Windsor, penye kasri la kifalme, hutumia SL4, herufi zitokanazo na mji jirani wa Slough, jambo linalowaudhi baadhi ya wenyeji. Royal Mail, kampuni ya posta ya Uingereza, hushikilia kwamba postikodi hufuata njia za barua, wala si mipaka ya utawala. Kwa usambazaji wa barua, hoja hiyo ni sahihi. Lakini maadamu wengine huitumia postikodi kuwapima watu, kuibadilisha hugusa heshima na mifuko yao.