Rehani ya Mibuni

Mkulima wa kata ya Mpepai, wilayani Mbinga, aliyetaka kujenga nyumba ya kupangisha mjini hakuanzia benki. Hati hakuwa nayo. Alikuwa na mibuni.

Kahawa iliingia Umatengo, nchi ya Wamatengo wa Mbinga, miaka ya 1920, ikaota jirani na mashimo ya ngoro ambako wenyeji walilima mahindi na maharage. Wakati huohuo, sheria ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote ya Tanganyika mikononi mwa gavana. Baada ya uhuru dhamana hiyo ikahamia kwa Rais, na kwa miongo mingi ardhi tupu ilihesabiwa haina bei. Benki ingeshika nini?

Ushirika ulishika zao: ulitoa mbolea na dawa kwa mkopo, kisha ukakata deni kwenye malipo. Soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi msimu wa 1994/95, chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kikayumba hadi kikaanguka, na mkopo wa pembejeo ukapotea nacho.

Hapo ndipo magoma yalipopata nafasi. Miezi ya mvua, chakula kikipungua na ada ikidaiwa, mkopeshaji hupita shambani, hukadiria kahawa ikiwa bado mbichi mtini na kulipa bei ya chini mno. Mavuno yakifika, anachukua mzigo wake, hata kama bei imepanda maradufu. Kagera wana butura, ndugu wa damu wa magoma.

Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilikiri kwamba ardhi ina thamani, na halmashauri ya kijiji ikapewa uwezo wa kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha mali za wanyonge ulioanza mwaka 2004, ukazinadi hati hizo kama ufunguo wa mikopo. Nyumba ya familia hairuhusiwi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, sharti jema kuliko yote katika sheria hizo. Lakini benki nyingi zilisita: shamba la kijijini likinadiwa, nani wa nje atalinunua?

Mbinga ilikuwa hata na benki yake, Mbinga Community Bank. Tarehe 12 Mei 2017 Benki Kuu iliifutia leseni kwa upungufu wa mtaji. Mwaka uliofuata serikali ikaagiza kahawa yote iuzwe kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, kwa nia, pamoja na mengine, ya kuwabana wanunuzi wa magoma.