Maradhi, Wakfu na Picha za Nyota katika Harvard, 1880–1923

Upigaji picha za anga, yaani kuunasa mwanga wa nyota kwa kamera iliyofungwa kwenye darubini, ulistawi nchini Marekani kwa mali ya watu waliofiwa na waliougua, kiasi kwamba historia yake haieleweki vema maradhi hayo yakiachwa kando. Tarehe 30 Septemba 1880 Henry Draper, daktari wa New York aliyekuwa akisaidiwa na mkewe Mary Anna katika kazi zake za anga, alipata picha ya kwanza ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi lililo baina ya nyota. Miaka miwili baadaye alikumbwa na dhoruba ya theluji akiwa mawindoni kwenye milima ya Rocky, akarudi mgonjwa, na tarehe 20 Novemba 1882 akafariki kwa ugonjwa wa utando wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 45.

Mjane wake hakuiacha kazi ife. Mwaka 1886 aliweka wakfu kwa jina la marehemu katika kituo cha nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard, nao ukagharimia picha pamoja na ujira wa wanawake waliozichambua. Mwaka 1889 Catherine Wolfe Bruce, mwanamke tajiri aliyekuwa amevuka miaka 70 na kudhoofika kwa maradhi, alitoa dola 50,000 za kutengenezea darubini ya lenzi yenye upana wa inchi 24, ambayo baadaye ilipelekwa Arequipa, nchini Peru, kupiga picha za anga la kusini lisiloonekana kutoka Harvard.

Picha hizo zilikuwa vioo vilivyopakwa jelatini yenye chumvi za fedha, na kila nyota ilitokea kama kitone cheusi. Henrietta Swan Leavitt, mmoja wa wanawake waliozichambua, aliyeanza kwa kujitolea bila malipo na ambaye usikivu wake ulizidi kufifia, aliweka kioo cha usiku mmoja juu ya kingine cha usiku tofauti kilichogeuzwa rangi ili nyota ziwe nyeupe, akatafuta kwa kikuzio nyota zilizobadilika ukubwa wa kitone. Alipougua na kurudi nyumbani kwa wazazi wake huko Beloit, Wisconsin, picha zilitumwa kwake naye akaendelea kupima. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota 25 kama hizo za Wingu Dogo la Magellan, kundi la nyota la anga la kusini, kwamba kadiri nyota inavyochukua siku nyingi kung'aa na kufifia, ndivyo mwanga wake halisi ulivyo mkubwa. Kwa hiyo, mwanga huo halisi ukilinganishwa na ule unaoonekana kutoka duniani, umbali wa nyota unaweza kukadiriwa.

Leavitt alifariki kwa saratani tarehe 12 Desemba 1921. Mwaka 1923 mwanaastronomia Edwin Hubble aliipata nyota ya aina ile aliyoipima Leavitt katika Andromeda, iliyodhaniwa na wengi kuwa nebula tu, na kwa kanuni ya Leavitt akathibitisha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, yaani kundi kubwa la nyota lililo mbali nje ya galaksi yetu.