Lava iliyofika Sake na wale wanaosomeshwa kuipigia hesabu

Kila aliyepigilia kigingi cha hema hapa Mubambiro anajua jinsi kinavyogoma. Chini ni mawe meusi ya volkano. Kati ya 1938 na 1940, Nyamulagira ilimwaga lava iliyoshuka mpaka Ziwa Kivu, upande huu wetu wa Sake. Wazee wa wakati ule hawakuwa na wa kuwaambia itapita wapi. Walitazama bonde na kukisia.

Siku hizi kuna watu wanaolipwa kwa kazi hiyo ya kukisia. Wanapewa burse ya udaktari, au miaka michache ya utafiti baada ya udaktari, ili wakae mbele ya kompyuta na kuugeuza mlima kuwa namba. Tusiwacheke. Namba hizo zinatuhusu sisi kuliko wao.

Mfano mmoja ni Q-LAVHA, programu ya bure iliyotangazwa mwaka 2016 na watafiti wa Vrije Universiteit Brussel, Ubelgiji, Sophie Mossoux akiwa mbele. Inagawanya ramani katika miraba midogo, kila mmoja na mwinuko wake. Lava inatoka mraba huu kwenda wa jirani, mara nyingi ule wa chini, lakini si kila mara, maana ikijaa inaweza kupita juu ya kizuizi. Kompyuta inarudia safari hiyo mara nyingi sana. Miraba inayopitwa zaidi ndiyo ya hatari. Kuijaribu, walilinganisha na lava ambayo Nyamulagira ilimwaga kweli Januari 2010.

Nyiragongo ni habari nyingine. Tarehe 17 Januari 2002 lava yake ilipita katikati ya Goma. Tarehe 22 Mei 2021 ilipasuka tena, safari hii bila onyo lililoonekana mapema. Tarehe 27 Mei wakuu waliamuru mitaa 10 ya Goma ihame, na watu wengi mno walikuja Sake, wengine kwa miguu, magodoro kichwani. Wenyeji waliwapokea. Baadhi ya wenyeji hao baadaye waliingia hemani wao wenyewe.

Wapo wanaosema bado kwamba Goma ilihamishwa bure. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha hesabu yenyewe, ya Delphine Smittarello na wenzake. Kwa picha za satelaiti na vipimo vya mitetemo, walionyesha kwamba magma ilisafiri kilomita 25 hivi chini ya Goma, Gisenyi na ziwa, pengine chini ya mita 500 kutoka tulipokanyaga. Hapana, haikuwa bure.

Watu wa OVG ya Goma wamo kati ya walioandika kazi hiyo. Ila burse nyingi zinatoka Ulaya, na mtoto wa Masisi aliyekosa shule miaka kadhaa kwa sababu ya vita hafiki hata mlango wa kuziomba, ingawa amezaliwa juu ya lava. Na ramani ya hatari inajua mwinuko wa kilima. Haijui hema zimeongezeka ngapi tangu ilipochorwa.

Hesabu zote hizo hula vipimo vya vyombo vilivyowekwa milimani na vijijini kwetu. Paneli na betri zake zimewahi kuibiwa. Ukikuta sanduku la namna hiyo limesimama peke yake, usiliguse, na uwaambie watoto.